Fundi wa Valerie

Obiero alikuwa na maoni juu ya kila kitu, na kwa miaka kumi na moja watu wa Kondele, mjini Kisumu, waliyapata maoni hayo bure walipoenda kutengenezewa simu. Ulimpelekea simu iliyokufa, naye akaifungua huku akikueleza kwa nini ile supamaketi mpya ya kona haitamaliza mwaka. "Soda wameiweka ndani kabisa. Mtu apite sabuni, apite ndoo, apite mpaka viatu, ndiyo apate soda baridi? Nani ako na hiyo nguvu?" Alikueleza pia kwamba ile tamthilia ya Kituruki inayomliza mkeo kila jioni iliharibika siku mama mkwe alipofufuka, na kwamba simu yenye kamera nne ina kamera moja ya kazi na tatu za mapambo. Supamaketi ikafungwa mwezi wa kumi. Watu wakazidi kumheshimu.

Chumba chake cha kazi kilikuwa na meza mbili. Ya nyuma, yenye taa na bloa ya kuyeyushia gundi, ilikuwa yake. Ya mbele, karibu na mlango, ilikuwa ya Valerie, msichana wa miaka ishirini na sita kutoka Usenge, ambako mama yake huanika omena, wale dagaa wa ziwani. Valerie aliuza kava, chaji na spika za masikioni. Alimwita Obiero Jaduong', kama mtu anavyomwita mzee anayemheshimu, ingawa Obiero hakuwa amefikisha hata miaka arobaini na mitano. Maoni ya Obiero yalimchekesha mpaka akashika mbavu.

"Jaduong', hiyo ya mapambo irudie," alikuwa akisema. "Wallahi irudie."

Obiero alikuwa anairudia. Alipenda kuirudia, na hapo ndipo alipojitafutia balaa.

Siku moja mwaka jana Valerie aliegemeza simu yake kwenye kikombe cha chai, akajirekodi akizungumza juu ya kamera nne, kisha akaiweka video mtandaoni. Wiki iliyofuata akazungumza juu ya supamaketi. Halafu akamgeukia yule mama mkwe aliyefufuka, na hapo watu wakafa kwa kicheko kutoka Kisumu mpaka Homa Bay. Krismasi ilipofika, watu elfu arobaini walikuwa wakimfuata.

Obiero aliitazama ile video ya kwanza akiwa kitandani kwake Manyatta. Mwanzoni alicheka, kwa sababu sentensi ilikuwa nzuri, na ilikuwa nzuri kwa kuwa ni yake. Kisha akasoma yaliyoandikwa chini. "Huyu dada ana akili." "Dada anaona mbali." Akaisoma ya pili mara tatu, na kila mara roho ikamuuma zaidi. Tangu siku hiyo hakumaliza video hata moja. Alifungua, akasikia maneno yake yakitoka kinywani mwa mtu mwingine, mwenye meno mazuri kuliko yake, akafunga kwa hasira kabla ya dakika ya kwanza kuisha. Kesho yake akafungua nyingine. Wivu una ujinga huo: unakupeleka kila siku palepale panapokuumiza.

Naye alijaribu. Alivaa shati la kanisani, akakaa wima mbele ya simu na kutoa maoni mazito juu ya betri. Watu thelathini na saba waliitazama. Binti yake, Rosa, alipoulizwa, alijikaza asicheke.

"Baba, unaongea kama wale hutangaza matanga redioni."

Kwa nini alipokuwa akisema yeye ikawa matanga, na akisema yule ikawa karamu? Alijiuliza swali hilo akipiga mswaki, akila, akiwa kanisani. Hakumwambia Valerie neno. Asubuhi walisalimiana kama kawaida, wakagawana chai kama kawaida, na Obiero akanywa ile chai kana kwamba imetiwa shubiri.

Kilichommaliza kabisa ni Mumbi, mama wa mitumba pale soko la Kibuye, mteja mpya. Aliingia na simu iliyopasuka kioo, akampita Valerie, akaja moja kwa moja mpaka meza ya nyuma akitabasamu.

"Ni wewe fundi wa Valerie?"

Miaka kumi na moja! Obiero alikuwapo hapo kabla Valerie hajamaliza shule, na leo amekuwa kitu cha Valerie, kama kava zake. Akaichukua simu, akamwambia Mumbi aje kesho jioni. Ilikuwa kazi ya dakika ishirini. Mumbi akaondoka akiwa hajui kosa lake.

Basi siku hiyohiyo, Alhamisi moja ya mwezi wa tatu, akaja Ignatius. Alitoka Nairobi na viatu vyake vyembamba, akiiwakilisha kampuni ya simu mpya iitwayo Vunara. Aliipita salamu ya Obiero kama mtu anayepita matangazo ukutani, akaketi mbele ya Valerie. Kampuni ilikuwa inazindua simu Jumamosi, katika bustani ya hoteli moja ya Milimani. Walimtaka Valerie asimame aitolee maoni. Akipendwa, atakuwa uso wa Vunara ufuo wote wa ziwa, na picha yake itabandikwa kila mji.

"Nipatie simu yenyewe kwanza," Valerie akasema. "Mimi siongelei simu haijafunguliwa."

Huo ulikuwa mtindo wake, na hakuuvunja hata mara moja. Simu yoyote aliyoizungumzia ilipitia kwanza kwenye meza ya nyuma. Obiero aliifungua, akaipekua, akatoa hukumu, ndipo Valerie akaegemeza simu kwenye kikombe chake. Zamani Obiero aliiona kazi hiyo kama heshima. Sasa aliiona kama kumfulia nguo mtu ambaye hata hakushukuru.

Ignatius alipoondoka, Valerie alimwekea ile Vunara mezani. "Jaduong', nifungulie."

Obiero akawasha bloa, akalainisha gundi, akapitisha kadi nyembamba pembeni mpaka mgongo wa simu ukaachia. Akaitazama betri. Lebo ilisema uwezo wake ni elfu tano, kama ilivyoandikwa kwenye sanduku. Lakini pembe moja ya lebo ilikuwa imenyanyuka kidogo. Akaivuta kwa ukucha. Chini yake kulikuwa na lebo nyingine, kuukuu, yenye namba ndogo zaidi na tarehe ya miaka minne iliyopita. Akaichomeka simu kwenye chaji, akasubiri. Baada ya robo saa betri ilikuwa ya moto kiasi cha kumfanya aondoe kidole. Alijua mwisho wake. Miezi mitatu, minne, betri inafura, kioo kinasukumwa juu, na ikiwa ya bahati mbaya inawaka moto mfukoni mwa mtu.

Valerie alikuwa akimhudumia mteja mlangoni. "Iko aje?" aliuliza bila kugeuka.

Hapo Obiero alikuwa na nafasi ya kusema neno moja tu la kweli. Lakini aliliona jambo lote kwa mara moja, waziwazi, kama linalopita kwenye skrini: Valerie akiisifu simu, watu wakinunua, simu zikifura, na wale elfu arobaini wakimgeuka. Halafu wangekumbuka kwamba kuna meza ya nyuma. Akaibandika lebo ya juu, akaikandamiza kwa dole gumba mpaka ikalala.

"Iko sawa," akasema.

"Sawa sawa, ama sawa tu?"

"Sawa kabisa. Betri ni elfu tano, vile wamesema."

"Adier? Kweli kweli?"

"Adier," akajibu, akiitazama bisibisi.

Na aibu yake kubwa, ambayo mimi sitamfichia, ni kwamba usiku ule alilala fofofo. Ijumaa pia alikuwa mchangamfu. Alimpa Mumbi simu yake na kumsalimia kwa mikono miwili.

Jumamosi saa tisa alikuwa Milimani. Valerie ndiye aliyemwombea kadi ya mwaliko, akamkalisha safu ya mbele. Anataka nione anavyopigiwa makofi, Obiero aliwaza, akakaa. Chini ya miti kulikuwa na mahema, bendi ya ohangla, ngoma ya Waluo, na meza ndefu yenye masanduku ya Vunara yaliyopangwa mpaka usawa wa kifua. Watu walikuwa tayari kwenye foleni wakiwa na vitambulisho mkononi, kwa kuwa simu ilitolewa kwa lipa pole pole. Mumbi alikuwa mbele kabisa.

Valerie akapanda jukwaani. Alisema juu ya kioo, akasema juu ya kamera, akawachekesha, kisha akafika kwenye betri akashusha sauti, na bustani nzima ikanyamaza kumsikiliza. Obiero alijua kwamba kila neno lile lilikuwa shimo ambalo yeye mwenyewe alilichimba. Na bado, ajabu, alimwonea wivu. Alimwonea wivu kwa ule ukimya. Yeye hakuwahi kunyamaziwa hivyo hata siku moja maishani.

Ohangla ikaanza. Na ohangla ikipigwa huku kwetu, mwenye chochote cha kumtunza mwimbaji ana haki ya kuusimamisha muziki, ajisifu, awasifu na wake, kisha ngoma iendelee. Hiyo ndiyo pakruok, na mtu akishaanza hakatizwi. Ignatius alijaribu, akajiita simba wa Nairobi, akapigiwa makofi ya huruma. Halafu Valerie akamtunza mwimbaji, akainua mkono, ngoma zikanyamaza.

"An Valerie nyar Yimbo, binti wa Yimbo! Mtoto wa mama omena! Jua likiwaka tunakauka, lakini hatuozi!"

"Ongea!" watu wakajibu.

"Mimi akili ya simu sina. Akili iko na huyu amekaa hapa mbele. Obiero wuod Gem, mwana wa Gem! Jicho la ndani! Sijawahi kutoa maoni yangu, natoa yake, na nyinyi mnajua. Kila video nikimaliza mimi husema aje?"

Na bustani yote, wazee kwa vijana, ikaitikia kwa pamoja, kama watu walioikariri kwa miezi mingi: "Obiero amefungua, Obiero amesema!"

Obiero aliganda kitini. Kila video. Mwishoni. Pale ambapo yeye hakuwahi kufika hata mara moja.

"Na hii Vunara imefunguliwa na nani?"

"Obiero!"

"Akasema?"

"Iko sawa!"

Foleni ikasogea kwa kishindo kuelekea mezani. Mumbi aliinua kitambulisho juu ya vichwa vya watu. "Kama ni yeye amesema, mimi nipatie nne! Moja naipeleka Nyeri kwa mamangu."

Angeweza kuinuka akaenda zake. Lango lilikuwa wazi, na pikipiki zilikuwa nje. Obiero mwenyewe hakujua miguu yake imeamua nini mpaka alipojikuta mbele ya mwimbaji, akimpa noti bila kuitazama ni ya ngapi. Ngoma zikanyamaza.

"An Obiero wuod Gem," akaanza, na kelele za shangwe zikamfunika. Akasubiri. Walinyamaza. Wote, mpaka wahudumu wa hoteli. "Jicho la ndani. Hii simu niliifungua. Nikaona. Nikafunika."

Mwimbaji akamwinamia. "Omera, ndugu yangu, hapa mtu hujisifu."

"Niache nimalize. Betri ni mzee. Iko na lebo juu ya lebo. Ukiitoa ya juu utaona miaka minne. Ikiwa kwa chaji inachemka, na itafura. Msiweke hiyo kitu kwa mfuko, msipatie watoto. Valerie hajui. Aliniuliza mara tatu, nikamwambia iko sawa. Nilimwambia hivyo kwa sababu ya wivu. Hakuna sababu ingine. Nilitaka muache kumsikiliza."

Mpiga ngoma, kwa mazoea tu, akaipigia pakruok hiyo mapigo mawili kama afanyavyo kwa kila mtu, kisha akaona nyuso za watu akaishika ngozi kwa viganja.

Ignatius hakubisha. Alipaza sauti kwa vijana wake wayarudishe masanduku garini, haraka, na haraka ile ikawatosha watu kama ushahidi. Mumbi alikitazama kitambulisho chake, akamtazama Obiero kuanzia viatuni mpaka kichwani, akakitia kitambulisho ndani ya sidiria.

Valerie alishuka kutoka jukwaani. Obiero alitamani amtukane. Alikuwa tayari kwa matusi, hata kwa kofi, na angeyapokea yote kwa shukrani. Lakini Valerie alisimama mbele yake na kusema kwa sauti ndogo, wasikie wao wawili tu.

"Si ungesema tu unataka kuongea wewe, Jaduong'. Mimi ningekushikia simu."

Watu walikuwa wameshamzunguka Valerie, simu juu, wakirekodi, wakimsukuma Obiero pembeni kwa viwiko.

"Vali, pole sana! Lakini sasa tununue gani?"

"Ndiyo, tuambie! Tununue simu gani?"

Valerie alifuta uso kwa mkono wa nguo, akawatazama wote mmoja mmoja, na hakutazama upande aliokuwapo Obiero.

"Sijui," akasema. "Nikipata fundi nitawaambia."