Kipimo cha Pili

Alasiri moja, watu wakitoka karamuni, Sajini Tsou alisimamisha gari lililokuwa likiyumba kwenye barabara ya mashamba ya vitunguu saumu, magharibi mwa Taiwan. Dereva, kijana Kuo Po-wei, alipuliza kipimo cha ulevi kikaonyesha pombe mara tatu ya kiwango kinachoruhusiwa. Tsou akampeleka kituoni.

Kabla hajamaliza kuandika maelezo, Diwani Kuo, baba mdogo wa kijana, alishaketi ofisini akinywa chai. Askari wote walijua ni wangapi waliohamishiwa milimani kwa neno lake. Mkuu wa kituo, Lai, akamvuta Tsou pembeni.

"Mpe maji, apumzike, kisha apulize tena."

"Mkuu, ameshapuliza."

"Mashine hukosea. Mkeo si anasafishwa figo hapa mjini mara tatu kwa wiki? Kutoka milimani ni mbali, Tsou."

Tsou alikaa na kijana kwa muda wa saa sita, akimjazia maji. Kipimo cha pili kilipotoka safi, akaichana karatasi ya kwanza kwa mikono yake. Diwani akamshika bega, akamwita "ndugu yangu."

Wiki sita baadaye, asubuhi, Po-wei alimgonga kwa gari Bi A-man, mkulima aliyekuwa akienda shambani kwa baiskeli. Alikuwa amelewa tena. Tsou ndiye aliyeufunika mwili.

Safari hii kamera ya barabarani ilikuwa imeona yote, na kijana akafungwa. Tsou akamwandikia mwendesha mashtaka habari za kipimo cha kwanza, akawataja wote. Lai akasema hajui lolote. Diwani akasema alifika kunywa chai tu. Kwenye karatasi ya kipimo cha pili, sahihi ilikuwa ya Tsou peke yake. Akafukuzwa kazi, akafunguliwa kesi.

Ndipo akaenda kwa Mzee Ting, mume wa marehemu, akamkuta uani akimenya vitunguu.

"Diwani alikuja mazishini," mzee alisema. "Akainama mara tatu mbele ya jeneza, akalia. Akaniambia polisi ndio waliomwachia mtoto."

"Ni mimi, mzee wangu. Nimekuja kukuomba radhi."

Mzee aliacha kumenya.

"Ungekataa, wangekufanya nini?"

"Wangenihamisha."

"Kukuhamisha," mzee akarudia, taratibu. Alimtazama usoni kama anayengoja aongeze neno. Tsou hakumtaja mkewe. Mzee akainamia kapu lake, akaendelea kumenya, na hakuinua tena kichwa.