Chini ya Mashine ya Nje

Mume wangu mtaani wanamwita Mjuaji, na jina hilo hakupewa bure. Kiyoyozi chetu kilipoanza kupuliza hewa ya vuguvugu kama pumzi ya mgonjwa wa homa, nilimwambia amwite fundi. Alinitazama kama nimemvunjia heshima.

"Fundi wa nini? Kimejaa vumbi tu, mke wangu."

Kwa mashine ya ndani sina ugomvi naye. Kila mwezi hufungua kifuniko, huchomoa vile vichujio vya wavu, huviosha bafuni kwa maji na sabuni kidogo, huvianika kivulini mpaka vikauke, kisha huvirudisha. Hilo hata mimi naliweza. Lakini safari hii alitaka kuosha mashine ya nje, ile inayonguruma ukutani ubavuni mwa dirisha la chumba chetu, na sisi tunakaa ghorofa ya tatu.

Mashine hiyo ilishatugombanisha na watu. Zamani maji yake yalikuwa yakidondoka uani, juu ya kamba ya nguo ya Mama Pacha, jirani yetu wa chini. Alilalamika kwamba tunamchafulia mashuka. Mimi nami mdomo wangu hauna breki, nikamwambia ahamishe kamba. Hakuhamisha. Tangu siku hiyo kila nikimwona anaanika nachungulia dirishani na kumwambia, "Mama Pacha, toka hapo chini ya mashine," naye hujifanya kiziwi. Ili kumaliza kelele, Mjuaji aliufunga mpira wa maji kwenye chuma kinachobeba mashine, maji yakawa yanateremka kimya kimya ukutani. Alijisifu wiki nzima. Hatukufikiri kwamba sasa kile chuma na bolti zake vinanyweshwa maji usiku na mchana.

Jumamosi asubuhi alizima umeme wa kiyoyozi kwenye swichi yake ya ukutani, akachukua brashi kuukuu na kopo la maji, akatoa nusu ya mwili nje ya dirisha. Nilimshika mkanda wa suruali kwa mikono miwili. Mimi naogopa urefu. Hata kupanda stuli kubadilisha taa humwachia yeye.

"Usinivute hivyo, unanitekenya," alisema.

"Bora nikutekenye kuliko nikuzike."

Alicheka, akaendelea kusugua vile vibati vyembamba vya ubavuni. Maji meusi yalichuruzika ukutani. Kisha akataka kuufikia upande wa mbali, akailalia mashine kwa kifua. Nikasikia mlio mdogo, kama jino linalong'olewa.

Bolti moja ilitoka ukutani ikiwa imeliwa na kutu mpaka imebaki nyembamba kama msumari. Mashine iliinama. Mjuaji aliiachia brashi na kuidaka mashine kwa mikono yote miwili, nami nikavutwa mpaka tumbo likagonga ukingo wa dirisha. Kilichokuwa kinamsaidia kubeba mzigo ule ni yale mabomba ya shaba yanayopitisha gesi, na yalikuwa yanapinda mbele ya macho yangu.

"Iachie," nilimwambia. "Itakwenda na wewe."

"Siwezi. Kuna mtu chini."

Nilichungulia. Mama Pacha alikuwa amesimama wima chini yetu, beseni miguuni, anakung'uta shuka. Brashi ilikuwa imeanguka karibu naye. Aliitazama, akaisonya, akaisukuma kando kwa kandambili.

"Mama Pacha, toka hapo! Mashine inaanguka!"

"Na ianguke," alijibu bila kuinua kichwa.

Ningemlaumu vipi? Wimbo huo nilikuwa nimemwimbia kila alipofua. Nilimwita tena. Nikamwita dada, nikamwapia kwa Mungu, nikamwambia tafadhali, neno ambalo hakuwahi kulisikia kinywani mwangu, na nadhani ndilo lililomfanya aone namdhihaki zaidi. Alinipa mgongo, akabana kibanio cha kwanza kwa utaratibu wa mtu anayetaka kukukomesha.

"Mikono inakufa ganzi," Mjuaji alisema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani. Nikimwacha niteremke, ataanguka yeye. Nikibaki, atakufa yule. Mkanda ulikuwa unateleza katika jasho langu.

Hapo ndipo nilipomwambia. Jengo zima lilikuwa linalijua jambo hilo, na hakuna aliyewahi kulitamka, hata mimi na mdomo wangu huu.

"Fua tu, Mama Pacha! Hata uyafue mpaka yatoboke, mumeo harudi kwenye mashuka hayo. Ataendelea kulala sebuleni!"

Aliinua kichwa. Ule uso sitausahau. Aliliacha shuka likining'inia kwa kibanio kimoja, akaingia mlangoni, nikasikia kandambili zake zinapiga ngazi.

"Ameondoka?"

"Ameondoka. Achia."

Mabomba yalikatika, gesi ikafoka, kisha ukaja kishindo kilichotikisa vioo. Nilimvuta mume wangu ndani tukaanguka sakafuni wote wawili. Mikono yake ilikuwa imechubuka.

Mlango uligongwa kwa ngumi. Nilifungua. Mama Pacha alikuwa anahema, macho mekundu.

"Rudia ulilosema."

Nilimshika mkono, nikamwongoza mpaka dirishani. Pale alipokuwa amesimama, mashine ilikuwa imelala juu ya beseni, na shuka limefunikwa nusu na mabati. Alitazama. Kisha akakaa kwenye kitanda chetu bila kukaribishwa, akakunja mikono mapajani.

"Dada, nisamehe," nilimwambia. "Ulikuwa husikii."

Alitikisa kichwa taratibu. Machozi yalikuwa yanamtoka, na sikujua ni ya kifo alichokikwepa au ya lile neno.

"Na kama ningenyamaza palepale chini," aliuliza, "kama ninavyonyamaza siku zote?"

"Sikuwa na neno jingine la kukutoa pale," nilimwambia.