Vitabu Thelathini na Kimoja vya Mume Wangu

Mume wangu Dwight alizaliwa mjini Akron, mtoto wa muuza viatu. Farasi wa kwanza aliyempanda alimwangusha. Wa pili hakuwapo. Lakini kwenye majalada ya vitabu vyake anaitwa Buck Tarrant, amekunja uso chini ya kofia pana, eti mchunga ng'ombe.

Mchunga ng'ombe ni mimi, Verna, binti wa Tollefson, niliyekulia ranchi karibu na Miles City. Miaka ishirini na sita nilisoma miswada yake nikifuta upuuzi: farasi aliyekimbia maili sitini bila maji, maksai aliyekamuliwa maziwa. Naam, maksai!

Kitabu cha thelathini na moja kilihusu babu yangu na baridi kali ya 1887. Nikaomba jina langu lichapwe ndani, mstari mmoja tu.

"Mke wangu, watu watadhani siwezi kuandika mwenyewe."

"Kwani unaweza?"

Akanuna. Iliniuma, siwezi kuficha. Nikausoma mswada, nikamrudishia bila kugusa hata nukta.

"Upo kama ulivyouandika," nikamwambia. Akadhani nimemsifu.

Mhariri wa New York, ambaye ng'ombe anamjua akiwa kwenye sahani tu, akamvika kilemba cha ukoka. Siku ya uzinduzi maktaba yetu ikajaa wafugaji. Dwight akasoma kwa sauti nzito namna babu alivyoswaga ng'ombe mia tatu kuikabili dhoruba ya theluji, siku mbili, uso kwa uso na upepo.

Kaka yangu Arne akanyoosha mkono. "Shemeji, hao ng'ombe au nyati?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Kwetu hata mtoto anajua: theluji ikivuma, nyati huikabili kwa kichwa, lakini ng'ombe huupa upepo mgongo na kwenda unakowapeleka, hata kama ni korongoni. Ndivyo babu alivyopoteza kundi lake.

"Jibu, Buck! Aliwavuta pua mmoja mmoja?" akadakia mwingine.

Dwight akapekua kurasa, jasho likimtoka. Kisha akanigeukia, akafoka mbele ya wote: "Verna! Mbona hukurekebisha? Si ndiyo kazi yako tangu kitabu cha kwanza?"

Kicheko kikakatika. Akatambua alichosema, akafumba mdomo, kachelewa.

Bibi Lindqvist, mtunza maktaba, akanyanyuka na kitabu chake, akampita Dwight mezani, akaja kukifungua mapajani mwangu.

"Tia sahihi hapa, Verna."

Nilipoinua kichwa, nyuma yake palikuwa na foleni.