Karatasi za Fairuz

“Naomi, ule mfuko wa buluu uko wapi?”

“Upi?”

“Nilioufunga kamba. Chini ya meza.”

Naomi akageuza viazi karai kwenye mafuta, akacheka kwa fahari. “Nimekukunjia zote, dadangu! Juzi karatasi zako ziliisha, nikasema, huyu yuko matangani, asirudi akakuta meza imelala. Nimekunja mpaka kidole kikatoka lengelenge, hiki hapa. Na leo watu walipotoka kuswali Ijumaa, we! Wamenigombania.”

Mejumaa akakaa juu ya ndoo. Buibui bado lilikuwa na vumbi jekundu la Matuga, kule kwenye matanga.

Sasa angesema nini? Pale Bondeni, kwenye ile njia yao, mtu akifiwa, jirani ndiye anayemuuzia. Akirudi anakabidhiwa meza yake, anasema asante, yamekwisha. Ukianza kugomba, siku nyingine nani atakushikia?

“Asante, mamangu,” akasema. “Umenifaa.”

Naomi hakujua. Hakuna aliyejua. Mejumaa alikuwa anauza njugu mwaka wa sita huo, na njugu zinataka karatasi, unaiviringisha kama pembe, unakunja chini, unajaza. Karatasi alikuwa anazipata kwa mfagizi mmoja wa bweni la wanafunzi, magunia kwa magunia, maana wanafunzi wakishafanya mtihani hawataki hata kuziona. Na yeye kabla ya kukunja, anasoma. Kiingereza chake cha kidato cha pili, polepole, na kamusi isiyo na jalada. Leo biashara, kesho historia, keshokutwa kwa nini watu wakiwa wengi wanafanya mambo ambayo mmoja wao asingefanya. Shida ni kwamba ukurasa wa pili huwa haupo. Aliijua vita moja kubwa ilivyoanza, ilivyokwisha hajui, kwa sababu mwisho wake uliondoka na mtu wa bandarini na njugu zake. Kichwa kilikuwa kimejaa mianzo.

Halafu likaja gunia la Fairuz.

Jina liko juu ya kila ukurasa. Somo hili, somo lile, yote mwandiko mmoja, na pembeni wino wa kijani akibishana na walimu wake. Mahali palipoandikwa kwamba mchuuzi mdogo hana mpango, Fairuz kaandika: Nani kasema? Kuna aliyewauliza? Mejumaa alicheka peke yake barabarani mpaka mteja akamuuliza kama yuko sawa. Hizo hakuzikunja. Alizitia kwenye mfuko wa buluu, akafunga kamba, na kila siku baada ya adhuhuri akawa anafungua kidogo, kama mtu anayekula kashata na hataki iishe.

Ndizo zilizomtia wazimu wa kwenda chuoni. Kuna darasa la jioni la watu wazima, wale walioachia shule njiani. Binti wa mapokezi, Stacy, alimpa fomu. “Jumatatu saa tisa uje uonane na mwalimu. Atakuuliza unataka kusoma nini na kwa nini. Akiridhika, unaanza.”

“Naweza kutaka vyote?”

“Chagua kimoja, mama.”

Mejumaa aliijaza fomu yote, hapo tu akaweka kistari. Alitaka kwanza amalize mfuko. Na sasa mfuko ulikuwa umeliwa na mji.

“Zimebaki ngapi?” akauliza.

Zilibaki kumi na moja kwenye beseni. Akazimwaga njugu, akafungua moja moja. Saba zilikuwa na kijani. Akazibana kwapani, akaanza kutembea kuzitafuta nyingine.

Mtaa wa Makadara alizikuta mbili chini, moja imekanyagwa. Morgan wa tuktuk alikuwa na yake mbele ya usukani, bado anatafuna.

“Nipe hiyo karatasi ukimaliza.”

“Mama njugu! Leo unadai karatasi, kesho utatudai maganda?”

“Nipe, Morgan.”

“Ina siri gani? Barua ya mchumba?” Lakini alipomwangalia usoni akamimina njugu mfukoni mwa shati, akampa.

Mpaka alasiri inakwisha alikuwa na kumi na mbili. Mfuko ulikuwa na karibu mia mbili. Akaingia barabara ya Ndia Kuu, miguu inawaka moto, kwa mzee Muhdhar anayeuza sahani za shaba na masanduku ya kale yaliyonakshiwa kwa njumu. Mzee alikuwa kwenye baraza la duka lake. Njugu kazimwaga kwenye sahani ya shaba, karatasi kainyoosha juu ya goti, miwani puani, midomo inacheza.

“Masalkheri, mzee.”

“Masalkheri, mwanangu. Karibu. Leo njugu zako zanitia kazi.” Akagonga karatasi. “Huyu asema watu wa mji wakumbuka yanayowafaa, mengine huyawata. Mimi napinga!”

“Huyo ni mwalimu. Mwenye karatasi ni huku pembeni, kwa kijani.”

Mzee akasogeza miwani, akasoma kwa shida. “Na wale ambao hawakuulizwa, wao wakumbukwa na nani? Kwanza...” Akageuza. Nyuma palikuwa patupu. “Kwanza nini? Mbona akatiza? Ni nani huyu?”

“Simjui.”

“Humjui, na jasho lote hilo?”

“Namsoma tu.”

“Na hiyo kwanza yake iko wapi?”

“Labda iko Likoni saa hizi.”

Muhdhar akacheka mpaka akakohoa. Mejumaa akanyoosha mkono, mzee akairudisha karatasi kifuani. “Nikupe, na mimi nina swali? Wewe umemsoma. Angalisemaje?”

Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza hivyo. Watu humuuliza kama njugu ni za leo.

“Juzi tumemzika bibi yangu,” akasema. Sauti ilitoka ndogo. “Redioni, kwenye tangazo la msiba, wakataja wanawe, huyu yuko bandarini, huyu ni mwalimu. Bibi alisuka makuti miaka arobaini, akauza, ndio hao wakasoma. Hilo halikusomwa. Wanawake jikoni walikuwa wanalijua mpaka bei ya kila msimu, lakini jikoni hakukuwa na redio. Sasa mzee, hilo ni somo gani? Ni biashara? Ni historia? Au ni somo la mambo ya familia? Mimi nikikata kipande kimoja, bibi habaki.”

Mzee akavua miwani.

“Waniuliza mimi muuza shaba?” akasema. Akatoa kalamu kwenye mfuko wa kanzu. “Andika. Hapo chini ya kijani. Kesho nisije nikasahau nikasema ni yangu.”

Mejumaa akaandika akiwa amechuchumaa, sahani nyingine ya shaba ndiyo meza. Wino wa mzee ulikuwa mweusi. Nafasi ilipoisha akageuza nyuma, na alipomaliza mzee akamwachia aondoke nayo.

Jumatatu saa tisa kasorobo Stacy aliipitia fomu, kidole kikashuka, kikakwama.

“Hapa hujajaza, mama. Nilikwambia, kimoja. Mwalimu ataniuliza.”

“Mwambie nimekuja na jibu, liko kwenye karatasi.”

“Karatasi gani?”

Mejumaa akaitoa kwenye mkoba ile ya kwa mzee Muhdhar. Ilikuwa na doa la mafuta katikati na ilinuka chumvi. Akailaza mezani, akaipiga pasi kwa kiganja, mara moja, mara mbili, Stacy anatazama. Alipoondoa mkono, ikajikunja polepole, ikarudi pembe, mdomo wazi. Ganda jekundu la njugu likatoka ndani, likateleza juu ya fomu, likatulia kwenye kile kistari.

Ndani, kiti kikasogezwa. Mwalimu akaja mlangoni.