Aliyetangulia Mbele ya Wanawake

Mwaka ule Wajerumani walikuwa bado wananusa kila moshi wakidhani vita ya kusini imerudi, na Ugogo mvua haikunyesha. Mtama ulikauka ukiwa urefu wa goti. Wazee wakasema nchi imeingiwa na mbeho. Maana ya neno hilo ni upepo wa baridi, lakini huu si upepo wa kupuliza tu. Ni ubaya unaokaa juu ya nchi mpaka ufukuzwe.

Kazi ya kuufukuza ni ya wanawake. Huvaa nguo za waume zao, hushika mikuki na fimbo, wakauswaga kama ng'ombe mkaidi hadi kwenye mpaka wa nchi, upande wa machweo. Siku hiyo wanaume hujifungia ndani ya matembe. Ni mwiko kutazama.

Wanawake wa kijiji kimoja jirani na Mvumi walitoka asubuhi, wakiongozwa na Anyesi, mke wa Gideoni. Korongoni wakakutana na askari wa boma, Mustapha, mtu wa Kondoa, aliyekuwa akilinda nguzo za simu. Alipaza sauti mara moja, kisha akapiga bunduki, akajaza, akapiga tena, mpaka risasi zikamwishia. Wanawake saba walikufa. Mmoja wao alikuwa Ruthu, binti wa Anyesi.

Bwana Mkubwa, Mjerumani mwenye boma, akaja na askari wake na madebe ya mafuta ya taa. Watu wakakusanywa uwanjani.

"Nataka kujua kwa nini," alisema kwa Kiswahili cha amri. "Kama kulikuwa na mwanaume kati yao, hii ni vita. Nitachoma kijiji, na wanaume wataingia mnyororoni. Kama hakuwepo, askari ameua wanawake bure. Atanyongwa."

Yoramu, shemeji yake Anyesi, alikuwa wa kwanza kusimama. "Bwana, huyu alimtaka Ruthu, tukamkatalia. Aliweka kinyongo."

"Alikuwa amelewa," akadakia mwingine.

"Kwa pombe gani, na mtama wenyewe haupo?"

Watu wakacheka, kisha wakaona haya kwa kucheka.

"Ametumwa," sauti ikanong'ona nyuma. Hakuna aliyeirudia.

Mkalimani wa Kigogo, Hasani, naye mtu wa Kondoa, alikuwa akitafuta njia ya kumwokoa Mustapha, mtu wa kwao. "Nyote mnajua sana," akasema. "Siku hiyo ninyi mlikuwa wapi?"



"Walikuwa ndani na ndama!" akajibu mwanamke mmoja.

Methusela, msomaji wa misheni, akaona heri aeleze. "Bwana Mkubwa, wanawake hawakuwa na vita. Walikuwa wakimfukuza mbeho."

Bwana Mkubwa akainua kichwa. "Mbeho. Ndiye mkubwa wao? Mleteni hapa."

Askari mmoja akasogeza debe karibu na ukuta wa tembe la kwanza.

Ndipo Mustapha aliposimamishwa. Alikuwa amefungwa mikono, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka.

"Wanawake sikuwalenga. Nilimlenga mtu aliyewatangulia. Mrefu, hana silaha. Alikuwa anatembea kinyumenyume, amenipa mgongo, uso wake ukiwaelekea wao. Nikamwambia, 'Simama!' Hakusimama. Nikampiga mgongoni. Risasi ikapita, akaanguka mama aliyekuwa mbele yake. Nikadhani nimekosa, nikapiga tena. Alizidi kuja. Miguu yake haikutimua vumbi."

Jua lilikuwa la utosi, lakini wanawake wakajifunika khanga mabegani.

Bwana Mkubwa akaagiza mwenye kuongoza msafara asogee. Anyesi akaja mbele. Hasani akainama, akamwambia taratibu, "Mama, pole kwa msiba. Sema kweli ya Mungu. Kulikuwa na mtu mbele yenu?"

Anyesi alimjua aliyekuwa mbele yao. Alitembea uso kwa uso naye tangu kijijini mpaka korongoni, na mkuki wake ndio uliokuwa ukimsukuma. Wanawake wote walimwona. Aliona pia, kabla mlio wa kwanza haujaisha, kwamba Mustapha hakuwa akimtazama Ruthu. Lakini akitamka "alikuwepo", Bwana Mkubwa atamdai huyo Mbeho, na nani angemkamata akamleta?

Akatazama madebe.

"Bwana Mkubwa ameuliza mwanaume," akasema. "Mbele yetu hapakuwa na mwanaume."

"Mama!" Mustapha alipiga ukelele. "Wewe ndiye uliyekuwa karibu naye kuliko wote. Ulikuwa unamtazama machoni!"

"Hapakuwa na mwanaume, baba."

Hasani alisita, kisha akatafsiri neno kwa neno. Bwana Mkubwa akafunga shauri. Madebe yakapakiwa, na Mustapha akapelekwa bomani akiwa katikati ya askari wanne.

Kijiji kikanusurika. Wanaume wakaendelea kubishana juu ya kinyongo na ulevi, kila mtu akijua zaidi ya mwenziwe. Mvua haikuja.

Loisi, aliyejeruhiwa bega siku ile, akamwendea Anyesi. "Dada, kijiji umekiokoa. Lakini yule tulimwacha njiani. Yuko pale korongoni."

"Najua."

"Nani atampeleka?"

Anyesi akatungua shuka la Gideoni ukutani.

Wanawake waliobaki wakatoka tena, wachache. Korongoni baridi ikawapokea. Alikuwa amesimama palepale, akisubiri kuswagwa. Wakamnyooshea mikuki, wakaimba, naye akaanza kurudi nyuma, hatua kwa hatua, uso wake ukiwaelekea.

Safari hii kando yake alikuwepo wa pili, naye akirudi kinyumenyume. Alivaa kofia ya askari yenye kitambaa cha kufunika shingo. Hakumtazama mwanamke mwingine yeyote, ila Anyesi.

Loisi akasimama. Anyesi hakusimama. Akaimba kwa sauti ya juu zaidi, machozi yakimtiririka, akawasukuma wote wawili kwa mkuki mmoja mpaka mpakani.

Habari ya kunyongwa kwa Mustapha ilipofika kutoka bomani, wanaume waliuliza ilikuwa siku gani. Wanawake hawakuuliza.