Majina ya Kukatwa

Siku aliyookoka, Tasnim alikuwa kidato cha tatu huko Mombasa. Alilia mpaka mtandio ukalowa, akatoka kanisani mwepesi kama unyoya wa njiwa. Aliamini kwamba mambo yamekwisha, na mpaka leo anaamini hivyo. Lakini kule kanisani hayakuisha. Ilizuka laana ya kabila, akaifungia mfungo. Ikafuata laana ya jina, kwa kuwa Tasnim, walisema, si jina la mlokole; wakamwita Neema. Na sasa alipochumbiwa na Komora, kijana wa Kipokomo anayepiga kinanda kwenye kwaya, mchungaji akaona katika maombi laana ya tumbo. Wanawake wa ukoo wa Tasnim, alisema, huzika mzaliwa wa kwanza.

"Sifungishi ndoa juu ya kaburi la mtoto," mchungaji alisema. Mizizi ikatwe kwanza, jina kwa jina, na Tasnim mwenyewe akiwa amesimama kwenye ardhi ya bibi zake.

Ndiyo maana alikuwa Kismayo, Somalia, nyumbani kwa Bi Mwanahija, mama wa mama yake, Mbajuni wa visiwani, ameketi juu ya kitanda cha kamba, mkate wa mofa ukimpoa mkononi, akitafuta njia ya kuuliza. Habari kwamba marehemu mama yake, Thuraya, alibatizwa ukimbizini zilimfikia bibi huyu zamani. Bibi alizifunika kama anavyofunika chungu, hakuzifunua tena. Tasnim naye hakuthubutu kugusa kifuniko.

"Bibi, wale watu wa Komora wanataka kuwajua wazee wetu. Majina."

Bi Mwanahija aliacha kuchambua mchele. Uso wake ukakunjuka. "Wataka nasaba? Kumbe ni wachu hao, watu kama watu. Mimi nikidhani Wapokomo hawajui ila ndizi na mto wao."

"Wanataka ya wanawake."

"Ya wanawake?" Bibi akacheka hadi akashika mbavu. "Basi wana akili kuliko sisi. Babu yako angesikia angefufuka abishane. Weka mkate, sikiliza."

Akaanza, na kila jina lilikuja limevaa nguo zake. Layla wa kisiwa cha Chovai, aliyesuka mikeka hata watu wa mjini wakaingoja. Zakia binti Layla, aliyenyonyesha yatima pamoja na wanawe. Mulki binti Zakia, mama yake bibi, mwenye ulimi wa pilipili, ila hakuna mchu aliyelala na njaa mlangoni pake. "Hayo waambie wakwe zako. Waambie hukuokotwa."

"Na wazaliwa wao wa kwanza, bibi?"

Mikono ya bibi ilirudi kwenye mchele, polepole. Wa Mulki alitanguliza miguu wakati wa kuzaliwa, na kisiwani hakukuwa na mkunga aliyeweza. Wa kwake mwenyewe alichukuliwa na surua, mwaka ambao Chovai haikubaki nyumba isiyo na kilio. Wa Thuraya alikufa kwa kiu walipokimbia vita, mashua imejaa watu na mtungi umevunjika. "Mama yako alimfunga kwa mtandio wake, wakamteremsha majini. Hilo waweza kuwaambia, waweza kunyamaza. Ni mambo ya Mungu."

Tasnim alitoka uani akamrekodia mchungaji yote kwa simu, amejaa tumaini. Surua. Mkunga. Vita. Alidhani ataambiwa arudi nyumbani aolewe.

Jibu halikukawia. "Dada Neema, laana haiandiki jina lake kwenye paji la uso. Hujificha ndani ya surua. Hujificha ndani ya vita."

Alilisikiliza mara ya pili. Vita vilivyotawanya nchi nzima, vikawapeleka Wabajuni kambini na Ulaya, navyo vilitoka katika tumbo la Mulki? Aliandika hivyo hivyo. Akafuta. Akaandika, "Amina."

Kesho yake mchana, kikundi cha maombi kilipokutana Mombasa, simu iliita. Tasnim alichomeka visikilizio masikioni, akaketi pembeni ya chumba, uso ukutani. Kutoka nje hakuweza. Uani majirani walikuwa wakifua. Bi Mwanahija alikuwa kwenye mkeka wake, tasbihi mkononi.

"Umesimama juu ya ardhi ya ukoo?" mchungaji aliuliza.

Akasimama. "Ndiyo."

"Wewe taja jina tu. Sisi huku tutalikata."

"Layla," alisema kwa sauti ndogo.

Masikioni mwake watu walivuma, "Kata!" Alimsikia hata Komora, sauti aliyoijua kati ya sauti zote. Na nyuma yake, kwenye mkeka, bibi aliyesikia jina peke yake akasema kwa upole, "Mwenyezi Mungu amrehemu."

Tasnim akafumba macho. "Zakia."

"Kata!"

"Mungu amrehemu," bibi alisema. "Umefanya vizuri kuwaombea, mwanangu. Siku hizi nani akumbuka wafu."

"Mulki."

"Kata, katika jina la Yesu!"

"Amrehemu. Na ulimi wake pia."

Jina lililofuata lilikuwa limeketi hatua chache kutoka kwake, limenyoosha miguu iliyovimba.

"Jina la bibi yako," mchungaji alisema. "Taja."

Alifungua mdomo. Bi Mwanahija, aliyekuwa akihesabu zamu, akamtangulia. "Mimi ningali hai. Mimi niombee miguu."

"Dada Neema? Taja."

"Mchungaji." Hakuwahi kumkatiza mtu mzima maishani mwake. "Mama yangu ulimzika wewe. Ulisimama kaburini ukasema amelala akiwa huru. Kama alikuwa huru, mimi hii laana nimeirithi kwa nani?"

Kule Mombasa mtu akakohoa. Mchungaji akasema taratibu, kama anayemwonea huruma, "Mnasikia? Hiyo ndiyo roho yenyewe inayozungumza." Wakaanza kukemea. Tasnim akakata simu.

Muda si mrefu Komora akapiga. "Neema, ungetaja tu. Ni jina."

"Kama ni jina tu, kwa nini analitaka?"

"Usiwe hivyo. Tarehe imesogezwa."

"Mpaka lini?"

"Mpaka utakapolitaja."

"Komora, damu ya Yesu ilitosha au haikutosha?"

"Ilitosha, naamini, lakini mchungaji anaona vitu ambavyo sisi…"

"Basi ukishaimaliza hiyo lakini yako, nipigie."

Akavua visikilizio. Masikio yalikuwa yakimwuma. Bi Mwanahija alikuwa akimtazama, tasbihi imelala mapajani, na Tasnim hakujua amesikia kiasi gani, wala kiasi gani ameshakifunika.

"Wakwe zako wameikubali nasaba?"

"Wanafikiri, bibi."

"Wafikiri?" Bibi alivuta shuka juu ya miguu yake. "Basi nawe fikiri juu yao. Mchu haozwi kwa kusukumwa. Nimiminie chai."

Tasnim alimimina. Kwa hasira akakijaza kikombe mpaka chai ikamwagika kisahanini. Kimoyomoyo alimwambia Yesu kwamba yeye hajamwacha wala hamwachi. Hao wengine ndio asiojua awafanyeje.