Udongo Uliotoa Povu

Maabara nzima ilimwita Bi Vipimo, na jina lilimkaa kama nguo ya kushonewa. Ndiye aliyechoma udongo wa wakulima tanurini na kupima kaboni iliyotoka. Ikitoka nyingi, maana yake mboji imekaa ardhini. Mwaka huu, katika shindano la kikundi cha wakulima, udongo ulioshinda wote ulitoka shambani kwa shangazi yake, aliyebeba mboji kichwani misimu mitatu.

Asubuhi moja, akisafisha meza, alidondosha tindikali kwenye masalia ya udongo ule yasiyochomwa. Ukatoa povu.

Alibaki na kitambaa mkononi. Povu lile ni ishara ya chokaa. Kabla ya kuchoma, udongo hutiwa tindikali ili kaboni ya jiwe la chokaa itoke, ibaki ya mizizi na majani tu. Hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza analijua hilo. Yeye aliliruka, kwa pupa ya kuona jina la shangazi likikaa juu ya orodha.

Udongo hauna mdomo, alijipa moyo njiani kwenda kwa shangazi. Lakini ule ulikuwa umeshasema.

Cheti cha ushindi kilikuwa ukutani sebuleni kwa shangazi, kimefunikwa nailoni kisipate vumbi. Kesho yake wanakikundi wangekuja kumwuliza shangazi siri ya shamba lake.

"Mtaalamu wangu!" shangazi alimpokea. "Mbona uso kama umemeza ndimu?"

Bi Vipimo alichota udongo shambani, akautia kisosini, akadondosha tindikali.

"Eh! Unacheka huo," alisema shangazi.

"Ni chokaa, Shangazi. Uliwahi kumwaga chokaa?"

"Magunia sita. Si ninyi mlioniambia udongo wangu mchachu?"

Masikio yakamwaka moto. Akaeleza, macho sakafuni: konokono wa bahari za kale walijijengea nyumba kwa hewa ya kaboni iliyoyeyuka majini, nyumba zikawa jiwe, jiwe likasagwa chokaa. Tanuri liliirudisha hewa ile, naye akaihesabu kuwa jasho la shangazi.

"Kwa hiyo aliyepewa cheti ni konokono!"

"Mboji yako imo. Kiasi gani, sijui. Nimekosa."

Shangazi alicheka, kisha kicheko kikamkauka.

"Na nilivyowatambia majirani... Nani atawaambia?"

"Mimi."

"Basi anza sasa. Kishushe. Aliyekipandisha ni wewe."

Alipanda kiti. Misumari aliipigilia mwenyewe siku ile, kwa nguvu za furaha, na sasa ilikataa kung'oka. Chini yake, shangazi alishika kiti kwa mikono miwili, bila kumtazama.